Kano ya kisigino ikiuma: kuchagua pedi, kuikata, kuivaa na kuiacha

Asubuhi unashusha miguu sakafuni, na hatua za kwanza kwenda chooni unazitembea ukichechemea. Maumivu yako nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Ukishatembea kidogo mguu unachangamka na maumivu yanapungua, kisha jioni yanarudi. Kama hiyo ndiyo hali yako, endelea kusoma.

Kinachouma hapo ni kano ya Achilles, ambayo wengi huiita mshipa wa nyuma ya mguu. Inaunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na ndiyo kano nene kuliko zote mwilini. Unene huo una sababu. Unapokimbia, mzigo unaopita kwenye kano hii unaweza kufika mara 6 hadi 8 ya uzito wako, kwa hiyo kwa mtu wa kilo 70 ni kati ya kilo 420 na 560 kila mguu unapokanyaga. Kano huhimili mzigo wa aina hiyo miaka nenda rudi, mradi iwe imeuzoea. Shida huja mzigo unapobadilika ghafla: mwalimu kahamishiwa shule ya mlimani na sasa anapanda kilima kila asubuhi, kijana kakumbuka kuwa Kili Marathon ni mwezi ujao, mama aliyezoea viatu vya kisigino ofisini yuko likizo na anashinda na ndala kutwa.

Kipande kidogo cha kuinua kisigino ndani ya kiatu, yaani pedi ya kisigino, kinaweza kupunguza maumivu hayo kiasi cha kukuwezesha kuendelea na shughuli zako. Hakihitaji gharama kubwa, na fundi viatu wa mtaani anaweza kukukatia. Lakini kina masharti, na sharti linalovunjwa kuliko yote ni la kuivaa kutwa nzima, nyumbani pia.

Kwanza, tafuta mahali panapouma

Usinunue chochote kabla ya kufanya hivi:

1. Kaa kitini, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili, legeza kifundo.
2. Kwa kidole gumba na cha shahada, bana kano pale inaposhika mfupa wa kisigino, kisha panda nayo taratibu, ukibana kila baada ya sentimita moja hivi.
3. Tia alama ya kalamu panapouma zaidi.
4. Pima kwa rula kutoka mfupani hadi kwenye alama.

Alama ikiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, una maumivu ya katikati ya kano. Mara nyingi utahisi pia kano imenenepa hapo ukilinganisha na ya mguu wa pili. Alama ikiwa palepale kano inaposhika mfupa, una maumivu ya mfupani. Andika jibu lako, kwa sababu mazoezi yatakayokufaa yanategemea hilo.

Kama maumivu yako chini ya kisigino, pale panapokanyaga ardhi, hilo ni tatizo jingine lenye matibabu yake, na mwongozo huu hauhusiki nalo.

KISANDUKU: Usitafute pedi, tafuta daktari

- *Ulisikia mlio, ukahisi kama umepigwa teke kwa nyuma, ukageuka hukuona mtu.* Huenda kano imekatika. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mwenzako abinye shavu la mguu. Mguu ukiwa mzima, wayo husogea na kujinyoosha, kama wa mtu anayesimama kwa vidole. Usiposogea, usikanyagie mguu huo, na uende hospitali siku hiyohiyo. Usidanganyike kwa kuwa bado unaweza kutembea kidogo, wengi huweza.
- *Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma,* hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Hili ni la dharura.
- *Una homa, au kuna kidonda au joto kali juu ya kano.*
- *Visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unakaza kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa,* nawe ni kijana au mtu wa makamo. Uti wa mgongo unaweza kuwa na aina ya ugonjwa wa baridi yabisi unaoanzia kwenye kano.
- *Una kisukari na nyayo zina ganzi.* Usitie kitu chochote kigeni kiatuni kabla miguu haijakaguliwa. Lengelenge usilolihisi linaweza kuwa kidonda kisichopona.
- *Ni mtoto wa miaka 8 hadi 15.* Katika umri huo, maumivu ya nyuma ya kisigino mara nyingi hutoka kwenye sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Pedi inaweza kumsaidia na yeye, ila akaguliwe kwanza.

Kwa nini kuinua kisigino kunasaidia

Simama peku, piga hatua moja mbele kisha uinamishe goti la mguu wa mbele. Utahisi nyuma ya mguu kunavutika. Kadiri goti linavyotangulia mbele ya vidole huku kisigino kikiwa chini, ndivyo kano inavyonyooshwa. Kuna jambo la pili usiloliona: mguu ukikunjika hivyo, kano hugandamizwa kwenye pembe ya juu ya mfupa wa kisigino. Kwa mwenye maumivu ya mfupani, mgandamizo huo ndio adui mkubwa kuliko hata mvutano.

Kisigino kikiinuliwa milimita kadhaa, kifundo hakikunjiki sana, kano haivutwi sana na haigandamizwi sana. Basi, hakuna siri nyingine. Haijalishi kama pedi ina rangi ya buluu, mashimo ya hewa au maandishi ya kuvutia. Kinachofanya kazi ni kimo chake.

Kimo gani? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 100 wenye maumivu ya katikati ya kano. Kundi moja lilivaa pedi za milimita 12 kwenye viatu vyote viwili. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kushusha kisigino ambayo kwa miaka mingi ndiyo yamekuwa tiba ya kwanza. Baada ya wiki 12, waliovaa pedi walikuwa na nafuu zaidi. Wengi wetu tuliokuwa tukiidharau pedi tulilazimika kuitazama upya.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji hawautaji. Mwaka 2015, hukohuko Australia, watu 140 wenye maumivu hayohayo waligawanywa: wengine wakapewa soli za ndani zilizotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa kila mmoja, wengine soli nyembamba za kuzuga, na wote wakafanya mazoezi. Haikuonekana tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo mtu akikwambia lazima apige picha nyayo zako kwa kompyuta ndipo akuuzie soli za bei mbaya kwa ajili ya kano hii, mshukuru uondoke. Wapo wanaohitaji kweli soli za kupimiwa: wenye mguu mmoja mfupi, wenye nyayo zilizopinda sana, wenye kisukari. Hao waende kwa wataalamu wa vifaa tiba vya mifupa, wa aina ile wanaofunzwa TATCOT, Moshi, tangu mwaka 1981. Wewe mwenye kano inayouma tu huna haja ya kuanzia huko.

Pedi inapunguza mzigo, lakini haiiongezei kano nguvu. Ukiivaa miezi mitatu bila kuufanyisha mguu kazi, siku ukiitoa utaikuta kano ni ileile dhaifu. Ndiyo maana kuna sehemu ya mazoezi huko mbele, na ninakuomba usiiruke.

Kupata pedi: anza na ulichonacho

Kabla ya kutoa hela, pima viatu vyako. Toa soli ya ndani, pima unene wa kiatu kizima chini ya kisigino, kisha chini ya pale vidole vinapoanzia. Ukitoa cha pili kwenye cha kwanza, unapata kimo cha kisigino. Raba nyingi za kukimbilia, hata za mtumba, zina milimita 8 hadi 12 tayari. Raba za turubai, viatu bapa vya kike, njumu na ndala ziko karibu na sifuri. Huenda raba iliyolala uvunguni ikakusaidia wiki hii hii bila pedi yoyote, mradi soli yake haijalika upande mmoja wala kubonyea kwa nyuma.

Ukienda dukani, kuna pedi za jeli, za silikoni, za sponji na za mpira mgumu. Ijaribu kwa kuibana katikati ya vidole viwili. Ikibonyea hadi vidole vikaribie kukutana, iache. Jeli laini ni tamu chini ya mguu, lakini ukiikanyaga kwa uzito wote inalala, na ile milimita 12 uliyoilipia inabaki 4. Unataka kitu kigumu kiasi, kinachorudi unapoondoa kidole, chenye mteremko wa taratibu kwenda mbele.

Njia ninayoipenda ni ya tatu: ndala kuukuu na fundi viatu. Soli ya ndala nzito ina ugumu unaofaa kabisa, haioti ukungu upesi, na fundi ana kisu na msasa wa kuichonga. Kama ana vipande vya mpira wa soli vya milimita 3 au 4, bora zaidi, kwa sababu vinapangwa kwa tabaka. Mweleze hivi:

1. Toa soli ya ndani ya kiatu, ilaze juu ya karatasi ngumu, chora sehemu ya nyuma kuanzia ukingo wa kisigino hadi pale upinde wa wayo unapoanza kupanda. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 7 hadi 9.
2. Kata karatasi, ijaribu ndani ya kiatu. Isipande ukutani wala isiache pengo. Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha viatu vyote viwili. Kwa mguu wa pili igeuze upande.
3. Kama unatumia ndala, kata sehemu isiyolika. Kisigino cha ndala ya zamani huwa kimebonyea upande mmoja. Kata katikati ya soli, upande wa upinde.
4. Tengeneza tabaka tatu za milimita 4. Ya chini iwe ndefu kuliko zote, ya kati ipungue sentimita moja kwa mbele, ya juu ipungue nyingine, ili mteremko ujitengeneze.
5. Piga msasa kingo za mbele hadi zisihisike kwa kidole.
6. Tia gundi kidogo tu katikati ya tabaka, si pande zote. Utakuja kuzibandua.
7. Iache usiku mzima ikauke na harufu ya gundi itoke kabla ya kuivaa.

Kisha ihakiki: iweke sakafuni, ikanyage kwa kisigino kwa uzito wako wote, na mtu mwingine apime kwa rula pembeni. Ikiwa kimo kimebaki milimita 9 au 10, umefanikiwa. Ikibaki 5, kitu ulichotumia ni laini mno. Rudia kwa mpira mgumu zaidi.

Sponji ya godoro haifai. Boksi lililokunjwa linafaa kwa siku moja, kabla halijalowa jasho.

Kuivaa

1. Weka pedi *chini* ya soli ya ndani, si juu yake. Hapo haitembei, na mguu unakanyaga kitu ulichokizoea. Kama soli ya ndani imegandishwa, bandika pedi kwa utepe wa gundi wa pande mbili.
2. Weka kwenye viatu *vyote viwili*, hata kama unaumwa mguu mmoja. Ukiinua upande mmoja tu, nyonga inapinda, na baada ya wiki unaanza kulalamikia kiuno.
3. Anza na tabaka mbili, milimita 8, kwa siku tatu au nne. Kama shavu la mguu, goti na vidole havina malalamiko, ongeza ya tatu.
4. Vaa kiatu, tembea, panda ngazi. Kisigino kikichomoka, kiatu hakina kina cha kutosha. Kama ni cha kamba, pitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa, lile ambalo karibu kila mtu huliacha, na uifunge ukiwa umekigongesha kisigino nyuma ya kiatu.
5. Angalia ukuta wa nyuma wa kiatu. Mguu ukipanda, pale paliposuguliwa jana si pale panaposuguliwa leo. Mwenye nundu ya mfupa nyuma ya kisigino anaweza kukuta ukingo mgumu unamchoma upya. Fundi anaweza kuulainisha au kuukata kidogo; viatu vilivyo wazi kwa nyuma lakini vyenye mkanda navyo vinasaidia.

Viatu vya mchuchumio je? Kweli vinapunguza mvutano wa kano, na ndiyo sababu baadhi ya wanawake husema hawaumwi wakiwa kazini. Tatizo linawasubiri nyumbani, wanapovivua na kukanyaga sakafu baada ya saa nane za kisigino kirefu. Chagua kisigino kipana cha sentimita 2 hadi 4, na uhakikishe cha nyumbani hakiko mbali sana na hicho.

Nyumbani, ambako kazi yote huharibika

Miongozo mingi ya aina hii imeandikwa kwa watu wanaovaa viatu vya kamba kuanzia kitandani hadi kitandani. Sisi hatuishi hivyo. Viatu vinavuliwa mlangoni. Ndani ni peku au ndala. Tunafua tumeinama, tunapika kwenye jiko lililo chini, tunachuchumaa chooni. Hesabu saa zako mwenyewe: aliyevaa pedi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni ameipumzisha kano saa nane, halafu jioni yote na alfajiri yote ameirudisha kwenye sakafu ya saruji. Na hatua za alfajiri ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa kano imelala usiku kucha bila kazi na imekaza.

*Tenga kandambili za ndani.* Tafuta zenye soli nene kwa nyuma kuliko mbele, au mpe fundi ndala zako agandishe tabaka tatu za milimita 4 chini ya kisigino kwa nje. Hii ni kazi ya dakika chache. Ziweke ubavuni mwa kitanda, si mlangoni, ili miguu ishuke moja kwa moja juu yake.

*Kabla ya kushuka kitandani,* pandisha na kushusha nyayo mara 20 ukiwa bado umelala.

*Choo cha kuchuchumaa.* Hakuna mkao unaokunja kifundo zaidi ya huu. Ingia na kandambili zilizoinuliwa kisigino, shika ukuta au mlango, na usikae humo kuzungumza na simu. Kama maumivu ni ya mfupani na ni makali, stuli yenye tundu katikati inayowekwa juu ya shimo ni msaada mkubwa kwa wiki za mwanzo.

*Jikoni na kwenye karai la kufulia,* kaa kwenye kigoda au stuli, usichuchumae. Kama kazi ni ya kuinama, inama kutoka kiunoni, magoti yasitangulie mbele.

*Msikitini* dakika chache za peku kwenye zulia hazivunji kitu. Vaa kiatu chenye pedi hadi mlangoni tu.

Kwa wa bodaboda: kiki ya kuwashia pikipiki hugonga kano kwa nguvu ya ghafla ukiikanyaga kwa mbele ya wayo. Ikanyage kwa katikati ya wayo au kisigino, au tumia mguu usiouma, au washa kwa swichi. Wa baiskeli, sogeza wayo mbele ili pedali iwe karibu na katikati ya wayo badala ya vidoleni.

Na kama unaishi Lushoto, Marangu au mahali pengine pa kupanda na kushuka: kupanda kunavuta kano zaidi kuliko njia ya tambarare. Fupisha hatua, na panda kwa kuzungukazunguka njia inaporuhusu.

KISANDUKU: Uliza dawa unazomeza

Siprofloksasini na levofloksasini ni antibayotiki ambazo watu hupewa kwa ajili ya UTI, matumbo na taifodi, na mara nyingi hununuliwa bila cheti. Zinaweza kuidhuru kano, hasa hii ya Achilles, hata kuikata. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito kabisa liwekwe kwenye dawa za kundi hilo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye zaidi ya miaka 60, anayetumia dawa za steroidi kama prednisoloni, au aliyepandikizwa figo. Madhara yanaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya dozi kuisha.

Maumivu yakianza ukiwa kwenye dozi, usimeze kidonge kinachofuata kabla ya kuzungumza na daktari aliyekuandikia, akubadilishie. Usifanye mazoezi ya kano siku hizo.

Pia usikubali kuchomwa sindano ya steroidi ndani ya kano. Maumivu hunyamaza haraka, na kano inaweza kukatika wakati unaona umepona.

Mazoezi yanayokwenda pamoja na pedi

Kipimo cha maumivu kwanza. Sifuri ni hakuna, 10 ni maumivu makali kuliko yote uwezayo kufikiria. Watafiti wa Sweden waliruhusu watu waendelee na mazoezi, hata kukimbia, mradi maumivu yasizidi 5, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa. Tumia sheria hiyo. Kuumwa kidogo wakati wa zoezi hakumaanishi unaharibu. Kuamka na hali mbaya zaidi kunamaanisha ulizidisha.

1. *Wiki mbili za kwanza.* Simama sakafuni na viatu vyenye pedi, mikono ukutani. Panda kwa vidole vya miguu yote miwili ukihesabu hadi tatu, shuka ukihesabu hadi tatu. Mara 15, pumzika dakika moja au mbili, rudia hadi seti tatu. Fanya kila siku.
2. *Yakiwa mepesi,* panda kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja unaouma. Baadaye panda na kushuka kwa huo mmoja.
3. *Kisha ongeza uzito.* Begi la mgongoni lenye chupa za maji au mchanga linatosha. Ongeza kilo mbili mbili. Uzito ukiwa mkubwa, punguza idadi hadi 8 au 10, na fanya siku moja uruke moja.
4. *Seti moja kati ya hizo* ifanye magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Hapo unaufikia msuli wa ndani wa shavu, ambao ndio hufanya kazi kubwa unapotembea na kukimbia.

Sasa ile alama ya kalamu. Mwenye maumivu ya *katikati* anaweza, akishazoea, kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino chini ya usawa wa ngazi. Ndiyo njia ya daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, iliyochapishwa mwaka 1998: seti tatu za mara 15, goti limenyooka na goti limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Mwenye maumivu ya *mfupani* asishushe kisigino chini ya usawa wa sakafu hata kidogo. Mkao huo unagandamiza palepale panapouma. Kwa sababu hiyohiyo, asijinyooshe kwa kusukuma ukuta, hata kama kocha wake anaamini kila maumivu hutibiwa kwa kunyoosha.

Kano hujijenga polepole. Wiki mbili bila mabadiliko makubwa ni kawaida. Wiki 12 bila mabadiliko yoyote ni sababu ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

Makosa yanayojirudia

Kuongeza kimo kila maumivu yanaporudi. Zaidi ya milimita 12 ndani ya kiatu cha kawaida, uzito unahamia mbele ya wayo, vidole vinabanwa, na unaongeza ugonjwa wa pili.

Kupumzika kabisa wiki tatu, kisha kurudi uwanjani kwa kishindo siku ya mechi. Punguza kukimbia, punguza vilima na kuruka, lakini usiache kutembea.

Kuhamisha pedi moja kutoka kiatu hadi kiatu. Siku ya haraka utaisahau. Kata jozi kwa kila kiatu unachokivaa kila wiki. Mpira ni rahisi.

Kuikausha juani. Jua kali huikunja na kulegeza gundi. Itoe jioni, iache kivulini.

Kutoitazama. Kila mwezi irudishe kwenye rula. Ikishalala, kata nyingine.

Kuachana nayo

Usiitoe siku unayojisikia vizuri. Subiri mambo matatu: hatua za kwanza za asubuhi hazikuumi kwa wiki mbili mfululizo, unaweza kupanda kwa vidole vya mguu mmoja mara nyingi sawa na mguu wa pili, na siku ndefu ya kutembea haikuachii deni kesho yake. Kwa wengi hilo linakuja mwezi wa tatu au baadaye.

Ndipo tabaka zinapokufaa. Bandua moja, milimita 4, kwenye viatu vyote na kandambili za ndani. Kaa wiki mbili. Asubuhi zikibaki nzuri, bandua ya pili, wiki mbili nyingine, kisha ya mwisho. Asubuhi zikiharibika, rudisha tabaka uliyoitoa na ukae nayo mwezi mzima kabla ya kujaribu tena. Mazoezi yaendelee mara mbili au tatu kwa wiki wakati wote huo, na kwa miezi kadhaa baada ya pedi kutoka.

Mkimbiaji aanze kurudi na raba zenye kisigino cha milimita 10 hivi, siku moja kukimbia na siku moja au mbili za kupumzika, kwenye njia tambarare. Vilima na mbio za kasi vije mwisho. Jozi moja ya pedi ibaki kwenye begi, kwa ajili ya safari ya kijijini ya kupanda milima au wiki ya kusimama kutwa msibani.